Kabla hujatoboa boksi la spika

Boksi la kwanza nililoliharibu halikuwa na kosa lolote. Lilikuwa la lita 20, limezibwa pande zote, besi yake ndogo lakini safi. Nikajiambia, nikitoboa tundu mbele na kuchomeka bomba, besi itaongezeka. Iliongezeka kweli, ila kwa sauti moja tu: kila wimbo ukatoa "buu" lile lile, na koni, ile sehemu ya spika inayocheza mbele na nyuma, ikawa inapwita kama mbavu za mbwa aliyechoka. Siku hizi naanza na yale yanayorudishika. Msumeno huja mwisho.

Kwanza tafuta panapovuja. Cheza mlio wa Hz 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) kwa sauti ya wastani, lowesha kiganja, kisha kipitishe polepole kwenye maungio, ukingo wa spika na mahali waya zinapoingilia. Hewa ikipuliza utaihisi. Ziba kwa silikoni au gundi ya mbao. Kazi ya dakika kumi, na mara nyingi ndiyo inayohitajika peke yake.

Halafu gonga kuta kwa kifundo cha kidole. Ukisikia "ko" fupi, endelea na mengine. Ukisikia mlio wa ndoo tupu, ubao nao unaimba, na ndiyo maana sauti ya mwanamume husikika kana kwamba anaongea ndani ya pipa. Unene wa ubao ukizidishwa mara mbili, ugumu wake hupanda mara nane, lakini hakuna haja ya boksi jipya: kata kipande cha mbao, kikaze kwa gundi kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Usikiweke katikati kabisa, maana nusu mbili zinazolingana zitaimba pamoja. Kumbuka pia kwamba mbao hiyo inakula nafasi ya hewa.

Nafasi hiyo si jambo dogo. Katika boksi lililozibwa, hewa ni springi nyuma ya koni. Chukua spika ambayo ikiwa nje ya boksi hutikisika yenyewe kwa Hz 40, na Vas yake, yaani kiasi cha hewa chenye ugumu wa springi sawa na ule wa mshikio wa koni, ni lita 60. Ndani ya lita 20 itapanda hadi Hz 80; ndani ya lita 60 itakuwa Hz 57 hivi. Ukibana boksi zaidi unapata uvimbe wa besi ya juu, kisha chini yake sauti inakatika.

Huna nafasi ya boksi kubwa? Tia nyuzi za polista, zile za mito, konzi moja baada ya nyingine, ukisikiliza kila mara. Koni itahisi kama boksi limepanuka kidogo, na mwangwi wa nyuma yake utapungua. Ukishindilia, unapoteza ulichopata. Kama boksi lina bomba, tandika kutani tu, mbali na mdomo wake.

Sasa bomba. Soma kwanza vipimo vya Thiele na Small vya spika yako, yaani namba zinazoeleza tabia yake kwenye besi, hasa Qts, inayoonyesha spika inavyojizuia yenyewe kutikisika: ikiwa kubwa, inajizuia kidogo. Ile yangu ilikuwa na Qts kubwa, yaani ilitengenezwa kwa boksi lililozibwa, na hakuna bomba ambalo lingeisaidia. Nililifunika tundu kwa kisahani cha mbao, na kiraka kipo hadi leo.

Spika ikikubali bomba, jua hivi: bomba refu hushusha masafa (zile Hz ambazo bomba huvuma), bomba pana huyapandisha. Jembamba hufoka upepo sauti ikipanda, kwa hiyo napendelea pana kisha nalirefusha. Kata refu kuliko hesabu inavyosema. Lishikize kwa mkanda, cheza milio kutoka Hz 80 ukishuka: pale koni inapokaribia kusimama ilhali bomba linapuliza kwa nguvu, hayo ndiyo masafa ambayo boksi limetegwa. Chini ya hapo koni haina breki, usiongeze sauti. Punguza bomba sentimita moja moja, rudia, na gundi itie siku inayofuata, masikio yakiwa yamepumzika.