Shika kingo, acha katikati: kukata kitambaa kikavu cha kaboni na kioo

Kitambaa cha nyuzi za kaboni ambacho hakijanywa resini (gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu) hakina kinachokishika ila mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, kupishana. Ukipitisha mkasi, ukingo unaanza kufumuka papo hapo. Kwangu hakuna anayegusa mkasi kabla ya kubandika utepe.

Chora umbo, uongeze sentimita 2 au 3 kila upande, kisha bandika utepe wa karatasi juu ya mstari na ukate katikati ya utepe wenyewe. Nusu inabaki kwenye jora, nusu inakwenda na kipande, na kingo zote mbili zimeshikwa. Ziada ile ina kazi, inauweka utepe nje ya umbo: ukibaki ndani ya kifaa, resini haipiti hapo na tabaka hazishikani.

Umbo likiwa na kona nyingi, utepe unasumbua. Hapo nanyunyiza unga wa gundi ya epoksi (aina ya resini) kwenye kingo, kidogo sana, nafunika kwa karatasi isiyonata na kupitisha pasi mpaka unga uyeyuke. Kipande kipoe kikiwa kimelala. Gundi ya kupuliza nayo inafaa, mradi iwe ukungu tu. Ikilowesha kitambaa, inaziba njia ya resini. (Wanaopuliza mpaka kitambaa king'ae sijui wanashindana na nani.)

Usigandishe kipande kizima kwa gundi. Shika pembe mbili zinazotazamana uvute hanamu: vile vijimraba vya kitambaa vinalala, vinakuwa kama almasi, na kitambaa kinapungua upana. Kulegea huko ndiko kunakokiwezesha kukaa kwenye kalibu lenye mbonyeo bila mikunjo. Lakini kukitokea wakati wa kubeba, nyuzi ulizozipanga kwa pembe ya digrii 0 na 90 zimeshapinda, na nguvu haiendi ulikoitaka. Kwa hiyo kipande kikubwa kizungushe kwenye bomba ndipo ukibebe. Kukikunja ni marufuku, kaboni huvunjika kwenye mkunjo.

Mkeka wa nyuzi fupi za kioo ni habari nyingine. Mara nyingi gundi yake huyeyushwa na stairini, kimiminika kilichomo kwenye resini ya poliesta. Epoksi haina stairini, hivyo mkeka unabaki mgumu. Uliza muuzaji kabla ya kununua.

Vaa glavu safi, jasho na mafuta ya mikono huharibu mshikamano. Vaa barakoa pia, na vumbi la kaboni lisisogee karibu na vifaa vya umeme vilivyo wazi, kwa kuwa linapitisha umeme.