Jinsi ya kupata koneksheni kwenye matamasha bila kuwa chawa

Mwaka wa kwanza nimeenda tamasha la muziki la Sauti za Busara Zanzibar nilirudi Dar na selfi kibao na wasanii na sina namba hata moja ya mtu wa kunipa kazi, nauli ya boti imeenda, hela ya gesti imeenda. Mimi naediti video. Tatizo nilikuja kuligundua baadaye, ukishaomba selfi umeshajiweka kwenye kundi la mashabiki na hapo kutoka ni ngumu.

Kwa hiyo staa achana naye. Angalia nani anabeba waya. Fundi mitambo, mpiga picha wa tamasha, dada anayepanga wasanii waingie saa ngapi, hao ndo wanaoulizwa "unamjua mtu wa kuediti?" na hao hawana msururu wa watu wanaowasumbua.

Mchana usilale gesti. Busara wana vikao vyao vya mchana, Movers & Shakers, wanakaa mapromota, mameneja, waandaaji wa matamasha mengine, na watu wanakuwa hawajachoka bado. Usiku pale Ngome Kongwe kwenye jukwaa muziki ukishaanza hamsikilizani, utabaki unampigia mtu kelele sikioni.

Ila sehemu yangu mimi ni Forodhani, maana ukitoka tu Ngome Kongwe unavuka barabara umefika na kila mtu ana njaa. Mwaka wa pili nilikuwa kwenye foleni ya urojo, mbele yangu kuna jamaa ana tepu nyeusi imening'inia kiunoni, nikajua huyu wa mitambo. Sikujitambulisha wala nini. Nikamsalimia, nikamuuliza kaka ile besi mmeifanyaje isivume na zile kuta za mawe? Daah, jamaa aliweka bakuli chini, akachukua vijiti vya mishkaki akaanza kunipangia mezani, hii spika, hii spika, ukuta huu hapa. Urojo ukapoa. Mwisho ndo yeye akaniuliza, na wewe unafanya nini?

Hapo jibu sentensi moja, "naediti video za muziki", basi. Akitaka kuona mwonyeshe, na kazi yako iwe imeshahifadhiwa kwenye simu kabisa, dakika moja tu, sio uanze kuhangaika na bando watu wote wapo mtandaoni video inazunguka tu. Kadi sichapishi tena, zinafuliwa na jinzi. Chukua namba na uisevu kwa tukio, mimi nilimsevu "Fundi Urojo".

Halafu kesho yake asubuhi, sio wiki ijayo, tuma meseji: "Habari za asubuhi kaka, mimi yule wa jana kwenye urojo niliyeuliza habari ya besi. Nimepata kipande cha shoo yenu saundi imekaa poa sana, nakutumia." Ndo hivyo tu. Usiombe kazi, kazi ikija itajileta.

Na hii ni Zanzibar, salamu kwanza, mtu mzima mpe shikamoo yake, usimrukie na shida zako kama kondakta wa daladala.

Kama nauli ya Zanzibar huna, Dar kuna kituo cha sanaa, Nafasi Art Space, pale Mikocheni, wapo tangu 2008, na maonyesho yakifunguliwa wengi wanakuja jioni kwenye vinywaji. Wewe nenda mchana. Utakuta bado wanatundika kazi ukutani na mtu yuko juu ya ngazi hana wa kumshikia. Shika ngazi. Mpaka hotuba zinaanza umeshajuana na nusu ya watu mule ndani.

Fundi Urojo alinipigia mwezi wa sita. Harusi, Tanga, mshika kamera wao anaumwa. Sio tamasha, harusi, na mimi sio mtu wa kamera kihivyo. Nikamwambia naanza safari saa kumi na mbili asubuhi.