Mraba usiokuwepo: somo la picha inayobaki machoni

Wakuu, leo ni vitendo. Tafuteni karatasi nyekundu iliyokolea, karatasi mbili nyeupe na kalamu.

1. Kata mraba mwekundu wa sentimita 5, ubandike kwenye karatasi nyeupe. Tia nukta ya kalamu katikati ya mraba.

2. Kaa penye mwanga mzuri, karatasi iwe kama sentimita 30 kutoka usoni.

3. Ikodolee macho ile nukta kwa sekunde 30. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, jicho linatangatanga. Kupepesa ruksa, kuhama nukta hapana. Ukiona kingo za mraba zimeanza kuzungukwa na utando wa rangi nyingine, mambo yanaiva.

4. Hamishia macho kwenye karatasi tupu. Utatokea mraba wa kijani cha kuelekea samawati, hafifu kama rangi iliyozidishwa maji. Ukisogeza macho, nao unasogea. Ukififia, pepesa, mara nyingi hurudi.

5. Rudia hatua ya 3, kisha tazama ukuta mweupe ulio mita 3 mbele yako. Mraba umekuwa mkubwa, upana karibu nusu mita! Hii ndiyo naipenda kuliko zote. Alama iliyo kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haijakua hata chembe. Ubongo ndio umepiga hesabu: kitu kinachojaza sehemu hiyo ya jicho kutoka mbali hivyo, basi ni kikubwa. Daktari wa macho wa Uswisi, Emil Emmert, aliieleza kanuni hii mwaka 1881.

Rangi imetoka wapi? Retina ina aina 3 za seli za koni, yaani seli za kutambua rangi, kila aina na mawimbi ya mwanga inayoyapokea zaidi. Wekundu ukikaa palepale, koni zinazoupokea zaidi hupunguza usikivu. Mwanga mweupe una rangi zote, lakini sasa koni hizo zinajibu kwa sauti ya chini, na zile zilizopumzika zinasikika zaidi. Seli zinazopokea taarifa kutoka kwa koni hulinganisha nyekundu dhidi ya kijani, buluu dhidi ya njano, kwa hiyo mizani inainama upande wa pili.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi sioni kitu.*
Jicho lako lilihama. Ongeza mwanga, nenda hadi sekunde 45.

*Mbona flashi ya kamera huacha doa linalong'aa, si rangi ya kinyume?*
Mwanga mkali wa ghafla huziacha seli zikiendelea kutuma taarifa kwa muda mfupi. Baadaye doa hugeuka jeusi.

*Naweza kujaribu na jua?*
Usithubutu. Jua huunguza retina, na hutasikia maumivu yoyote.

*Ndiyo sababu madaktari wa upasuaji huvaa kijani?*
Ni mojawapo. Aliyekazia macho damu muda mrefu akitazama nguo nyeupe ataona madoa ya kijani yakielea. Kwenye nguo ya kijani au buluu madoa hayo yanamezwa.