Kuhamia mtaa wa zamani na watoto: nilivyofanya mimi Magomeni

Kabla hatujaja Magomeni, hapa hapa Dar, tulikuwa tunakaa huko njia ya Chanika, nyumba nzima, uwanja mkubwa, migomba miwili nyuma, na binti yangu wa darasa la pili anaamshwa saa kumi usiku kwasababu gari la shule linapita saa kumi na moja kasoro ili liwahi foleni. Anapiga mswaki macho yamefumba. Siku moja nikamkuta kalala sakafuni mlangoni, kiatu kimoja kimevaliwa kingine kipo mkononi, nikamwambia mama yake hapa tunahama, hata kama ni kwenda kubanana vyumba viwili.

Sasa naona wenzangu wengi mko kwenye hali hiyo hiyo mnataka kurudi mjini kwenye mitaa ya zamani, Magomeni, Ilala, Kinondoni ile ya ndani, Temeke, mitaa iliyopimwa kitambo ambayo njia zimenyooka zinakatana na kila kitu unakifuata kwa mguu. Naandika ya Magomeni maana ndo ninayoijua, ila mengi yanafanana.

Kwanza usianze na dalali. Dalali atakuonyesha chumba, tena atakuchaji hela ya kukuonyesha, na chumba ndo kitu cha mwisho kuangalia. Nenda mwenyewe jumamosi asubuhi bila haraka, shuka kituo cha Mapipa au Usalama au Mwembechai, ingia ndani ya mitaa utembee tu. Kaa kwenye benchi la mama wa chapati kunywa chai, sikiliza. Af rudi tena siku nyingine usiku saa mbili, maana mtaa wa mchana na wa usiku unaweza ukadhani ni miji miwili, ile kona iliyokuwa na kibanda cha vocha mchana usiku ina vijana kumi na spika ya singeli. Angalia kama kuna wamama wamekaa nje na watoto bado wanacheza saa mbili hiyo. Ukiona milango yote imefungwa na watu wanapita mbiombio, we pia pita.

Safari ya tatu nenda mvua ikiwa inanyesha au imetoka kunyesha. Hapa nitakaa kidogo maana ndo panaumiza watu. Magomeni inapakana na bonde la Msimbazi, Jangwani ile, na kila mtu wa Dar anajua Jangwani ikijaa barabara inafungwa. Mafuriko ya Desemba 2011 ndo yale ambayo watu wa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Sasa ukienda kiangazi unaona nyumba nzuri imepakwa rangi mpya, bei rahisi kuliko wenzake, unajiona mjanja. Chuchumaa. Angalia ukuta wa ndani usawa wa goti, maji yakishawahi kuingia rangi inavimba na kumenyuka kwa mstari ulionyooka, hata wakipaka juu yake mstari unarudi. Angalia mlangoni, ukikuta kizingiti kimejengewa tofali mbili tatu mpaka unainua mguu kuingia, usiulize ni pambo la nini. Na uangalie barabara iko juu kuliko nyumba au chini, maana mitaa mingi barabara zimeinuliwa na nyumba za zamani zimebaki shimoni, maji yote ya mtaa yanakuja kwako kusalimia. Na tusifichane, mvua ikinyesha kuna watu wanatapisha vyoo, uchafu unaenda na maji mtaroni, na mtaroni ndo mpira wa watoto unapodumbukia. Uliza kabisa choo cha nyumba hiyo kinanyonywa na gari au kinasubiri masika.

Ukiridhika na hayo anza kupima kwa mguu. Na sio mguu wako, mguu wa mtoto. Mi nilienda na binti yangu, kutoka kwenye nyumba tuliyoitamani mpaka shule nilihesabu dakika nane, nikarudia naye akatumia kumi na tano na akasimama mara mbili kuangalia paka. Hiyo kumi na tano ndo namba ya ukweli. Pima hivyo hivyo mpaka sokoni, zahanati, madrasa au kanisani, na kituo cha mabasi ya mwendokasi kwa ajili yako mwenyewe.

Jambo ambalo sikulifikiria mwanzo ni upande wa barabara. Magomeni imekatwa na barabara ya Morogoro na ile ya Kawawa, na Morogoro tangu mwendokasi ianze 2016 ina njia za mabasi katikati na za magari kila upande, kwaiyo mtoto anavuka mara tatu kwa mkupuo mmoja na basi la mwendokasi halina utani. Chagua nyumba upande ule ule wa shule, yaani hata kama upande wa pili una nyumba nzuri zaidi na tailizi. Kwa ndani hatari yenu itakuwa bodaboda zinazokata mitaa kukwepa taa, hizo ndo naziogopa kuliko vibaka.

Ukipata shule ya kutembea umemaliza vita na makonda. Mnajua wenyewe, nauli ya mwanafunzi ni ndogo, konda akiona sare anafunga mlango au anawaambia subirini linalofuata, na linalofuata nalo hivyo hivyo. Ila usihamishe vitu kabla hujaongea na mwalimu mkuu. Shule za serikali hazina ada, madarasa ya mjini yamejaa, kwaiyo muulize nafasi ipo kwanza halafu ndo ushughulikie uhamisho.

Sasa nyumba. Nyingi za zamani ni ile nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, baraza mbele, uani kuna choo, bafu na jiko. Kuishi humo na watoto kunawezekana vizuri tu ila uliza nani yuko vyumba vingine kabla hujauliza bei. Nyumba yenye bibi mmoja mtu mzima anayeshinda nyumbani ni mali, mtoto akirudi shule saa nane na we uko kazini kuna mtu wa kumwambia "umekula?" na kumchapa kidogo akipanda ukuta. Nyumba yenye vijana wanne wanaolipa kwa kuchanga, sawa sio watu wabaya ila choo kitakushinda. Vyumba vya mbele vinakula vumbi na kelele za barazani, vya nyuma vinakula moshi wa mkaa, mi nilichagua cha mbele maana dirishani namwona mtoto anacheza wapi.

Umeme uliza mita ya luku ni ya nani na inagawanywaje. Kama ni moja nyumba nzima, mnachanga kwa kichwa au kwa vitu? Ugomvi wote niliowahi kuuona kwenye zile nyumba ulianzia kwenye pasi au friji ya mtu. Kama kila mtu ana sabmita yake shukuru Mungu. Maji uliza siku zinazotoka, na nani mwenye funguo ya tenki.

Haya, kwenye mkataba nisikilizeni vizuri maana mi niliumia. Nyumba nyingi za mitaa hii ni za familia, mzee alijenga zamani akafariki, watoto saba wako hai na kila mmoja anajiona mwenye nyumba. Sisi tulipanga ya kwanza kwa mtoto mmoja wa marehemu, mtu mstaarabu tu kanzu nyeupe, tukampa kodi ya miezi sita mkononi na karatasi tukaandikishana. Mwezi wa tatu asubuhi nakunywa chai barazani anakuja dada yake na mtu mwenye futi ya kupimia, wanapima ukuta mimi nimekaa. Nikauliza kulikoni, akasema nyumba imeshauzwa inajengwa ghorofa, na hela uliyompa kaka mwenyewe utajuana naye. Kaka simu haipokelewi. Tulipata miezi miwili ya huruma basi, hela ya mwezi uliobaki ikaenda hivyo.

Kwaiyo siku hizi nawaambia watu, kabla hujatoa hata senti nenda kaulize kwa wazee wa barazani nyumba ya tatu au ya nne kutoka hapo, sio jirani wa ukuta huyo anaweza kuwa ndugu. Uliza tu kawaida, "ile nyumba ya mzee fulani siku hizi anaisimamia nani?" Utaambiwa historia yote mpaka nani hasalimiani na nani. Kama mzee kafariki, omba kuona barua ya msimamizi wa mirathi ya mahakamani, na jina kwenye mkataba liwe la huyo huyo msimamizi. Mkataba upitishe serikali ya mtaa wagonge muhuri, na hapo hapo ujitambulishe kwa mjumbe, wengine wanataka barua ya utambulisho ya mtaa unaotoka, kaichukue kabla hujahama usije ukapanda magari mawili kuifuata. Lipa kwa simu au benki ili kuwe na ushahidi. Na kama unaona nyumba mbili za jirani zimeshakuwa ghorofa, ya kwako iko kwenye foleni, usilipe ya mwaka. Dalali atachukua kodi ya mwezi mmoja, hiyo ishazoeleka, ila usimpe mpaka umeshika funguo.

Ukishaingia mambo ya hela yanabadilika. Kule Chanika nilikuwa nanunua vitu vya wiki sababu kila kitu mbali, huku unanunua kwa fungu na kwa kupima, mafuta ya mia tano kwa mangi mwenye duka, nyanya gengeni, nazi unakuniwa hapo hapo. Ni raha ila inakula hela kimya kimya, ndo maana mchele, sabuni na maharage nafuata Kariakoo kwa jumla mara moja kwa mwezi, vituo vichache tu, na mboga ndo za kila siku. Na daftari la mangi la mkopo usilifungue mwezi wa kwanza, ukilifungua halifungwi.

Mtoto kutumwa dukani ni somo lenyewe. Mara ya kwanza nilimtuma binti unga nusu na chumvi, duka liko nyumba ya tano, nikajificha nyuma ya pazia nikimwangalia. Alishika noti kwa mikono yote miwili kama kabeba uji wa moto. Akafika, akasimama nyuma ya watu wazima watatu, mangi hamwoni, wateja wengine wawili wakaja wakahudumiwa mbele yake, nikaanza kutafuta ndala nitoke. Mara mama mmoja simjui akageuka akamnyanyua akamkalisha juu ya kaunta, "mangi huyu mtoto kasimama muda wote." Akarudi na unga, chumvi, chenji na ubuyu ambao sikumtuma. Siku ya pili nikaenda mwenyewe kumtambulisha kwa mangi, huyu wa kwangu, asiuziwe soda bila mimi kusema. Fanya hivyo kabla, mi nilichelewa.

Michezo usijali, watajipanga wenyewe, kuna chandimu jioni, rede, kombolela ikiingia magharibi. We kazi yako ni kwenda kuangalia chemba zisizo na mfuniko kwenye mtaa wenu na kumwonyesha mtoto moja moja kwa kidole, na kuongea na wazazi wenzio mchange mfuniko, sisi tulichanga nyumba sita tukamaliza kwa siku moja. Kumpangia saa ya kurudi ndani fuata saa ya watoto wa mtaa, ukimwita saa kumi na mbili wakati wenzake wanaingia saa moja atakuwa anatoroka tu. Jumapili ukikosa pa kuwapeleka, nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere miaka ya hamsini ipo hapo hapo Magomeni, ni makumbusho sasa, unaenda kwa mguu na mnarudi kwa mguu mkila mihogo.

Kelele zipo. Adhana, matarumbeta ya harusi, turubai la msiba linafunga njia siku tatu. Kama unataka kimya baki Chanika, sikutanii. Ila turubai likifungwa nenda kakae, hata nusu saa, na mchango toa hata kama ni kidogo jina lako liandikwe kwenye daftari, maana hapo ndo watu wanajua kumbe yule mpangaji mpya ni mtu. Mimi nilikuwa naitwa "yule wa Chanika" mpaka msiba wa tatu, baadae nikawa baba fulani kwa jina la mtoto.

Siku ya kuhama yenyewe hamia mchana, jumamosi, watu wakiwa nje, usihamie usiku kama mnakimbia madeni. Kirikuu moja, kile kigari kidogo cha mizigo, inatosha vyumba viwili, ukija na makabati ya nyumba nzima hayapiti mlangoni, korido ni nyembamba, sisi kabati la nguo lililala uani siku nne tukaishia kumuuzia fundi. Shuka kwanza wewe kabla vitu havijashushwa, pita baraza zote mbili tatu za karibu, shikamoo wazee, tumehamia hapa kwa fulani, huyu ndo mwanangu anaitwa hivi anasoma shule ile. Wakikuuliza kabila na unakofanyia kazi jibu tu, hawakupelelezi, wanatafuta pa kukuweka. Halafu ndo mwite mwenye kirikuu afungue turubai.