Freti na nati za gitaa la besi, nnavyofanya mimi hapa Unguja

Watu wakiona gitaa la besi wanaangalia umbo na rangi na vanishi inavyong'aa, mimi siku hizi macho yanakwenda moja kwa moja kwenye freti na nati, mana bodi ni useremala tu na fundi yeyote wa makabati Mwanakwerekwe atakufanyia, lakini hapa juu ya shingo ukikosea nusu mili (milimita) basi kila mtu atasikia. Freti ni vile vipande vya waya vilivyokingama juu ya shingo, unabonyeza uzi nyuma yake. Nati nnayosema sio ya bolti jamani, ni kile kipande chembamba pale shingo inapokutana na kichwa, nyuzi zinapita juu yake.

Mpiga udi na mpiga fidla hawana freti, noti wanaitafuta kwa kidole na sikio. Besi yenye freti imeshakuamulia. Ndo mana Leo Fender, yule mtengenezaji magitaa wa Marekani, alipotoa besi yake 1951 akaiita Precision (usahihi), yaani unabonyeza na noti inakaa pake. Sasa freti ikikaa pasipo pake nayo itakudanganya palepale kila siku. Shingo yangu ya kwanza nilipima kutoka freti hadi freti, hii imeisha naanzia hapo kwenda inayofuata, na kila mara rula ikateleza kidogo, kufika ya 12 nshapotea karibu mili 3. Nikaenda nayo mazoezini, mzee wa fidla akaniangalia mara moja tu halafu akasogeza kiti chake. Hakusema kitu.

Kwa hio pima zote kutoka kwenye nati. Besi ya kawaida kutoka nati hadi daraja (kile kipande kwenye bodi nyuzi zinapoishia) ni inchi 34, sawa na mm 863.6. Gawa kwa 17.817, namba ya mafundi ya kupangia freti, unapata 48.47, hapo ndo freti ya kwanza. Toa hio kwenye 863.6, iliyobaki igawe tena kwa 17.817, unapata masafa ya kutoka freti ya kwanza hadi ya pili, unaendelea hivyo hivyo. Hesabu fanya yote kwanza kwenye karatasi, jumlisha kila moja kutoka nati, ndo ushike rula ya chuma. Za kujipimia: ya 3 iwe mm 137.4, ya 5 mm 216.6, ya 7 mm 287.2, na ya 12 lazima iwe katikati kabisa, 431.8. Ya 12 ikikataa usikate chochote, rudi kwenye karatasi. Na alama weka kwa ncha ya kisu, penseli ni nene mno.

Ubao wa juu ya shingo, unaokaa freti, mimi natumia mpingo, ndo huohuo wanaofanyia klarineti Ulaya, mgumu na unashika freti vizuri, ila vumbi lake linawasha, vaa barakoa. Msumeno maalum wa freti hapa sijauona dukani. Nachukua bledi ya hakso, yale meno yaliyopinda huku na huku nayasugua kwenye kinoo pande zote mbili mpaka yalale sawa na bledi, inakata mfereji wa kama mm 0.6, ambao ndo unaotakiwa na freti nyingi. Jaribu kwenye kipande cha taka kwanza. Freti iingie kwa nyundo, ikiingia kwa kidole mfereji ni mpana, na ikikataa kabisa ukalazimisha, shingo nzima itapinda kinyumenyume. Kina cha mfereji kizidi kidogo mguu wa freti (ule upande unaozama ndani), basi.

Waya wa freti upinde zaidi kidogo kuliko mgongo wa ubao, halafu gonga ncha mbili kwanza, katikati mwisho, hapo ncha hazinyanyuki. Ikinyanyuka tone la supagluu na jiliwa mpaka ikauke. Ncha zikate, zipigie tupa kwa kulaza mpaka ukipitisha kiganja husikii kitu. Na ukimjengea mtu wa Dodoma zingatia, mbao iliyozoea unyevu wa kwetu ikifika kule inasinyaa, freti hazisinyai, zinachomoza zinamkata mkono na lawama zinarudi kwako.

Kusawazisha: nyoosha shingo kwanza kwa kile chuma cha kukaza kilichopita ndani ya shingo, bila nyuzi. Paka maka juu ya freti zote, chukua bomba la aluminiamu la fremu ya dirisha, lihakikishe juu ya kioo kinene kwamba halibembei, libandike msasa wa 400, pitisha taratibu bila kukandamiza. Maka ikitoka kwenye zote, acha. Sasa zimekuwa bapa, zirudishie mviringo kwa tupa ya pembe tatu uliyoilainisha kona zisikwaruze ubao, ukibakisha uzi mwembamba wa maka juu katikati. Halafu msasa 600, 1000, 2000, na mwisho dawa ya kung'arishia shaba, ileile ya njumu za milango ya Mji Mkongwe.

Haya, nati. Mfupa wa ng'ombe, paja, muuza nyama wa soko la Darajani anakupa na anakucheka. Chemsha mpaka mafuta yatoke (chemsha nje, nilichemshia ndani mara moja nikahamishwa jikoni mpaka leo), anika siku kadhaa, kata, sugua. Nati ya upana wa mm 42: acha mm 3.5 kila ukingo, halafu nafasi baina ya nyuzi zigawe sawa kwa kupima ukingo kwa ukingo, sio katikati kwa katikati, mana uzi wa E, ule mnene kuliko zote, ni mm 2.67 na wa G, ule mwembamba, 1.14 tu. Inatoka kama mm 9.1 kila nafasi. Ukipima katikati, E na A zitaonekana zimebanana.

Mifereji yake ndo roho ya kazi. Anza kwa tupa nyembamba, malizia kwa uzi mkuukuu uliouzungushia msasa. Ilaze kidogo kuelekea kichwani, uzi ushike ukingo wa mbele wa nati, usiposhika hapo unalia zzz kama udi uliolegea. Nusu ya uzi ibaki juu. Kina: bonyeza freti ya 3, tazama freti ya kwanza, baina ya uzi na freti ubaki mwanya wa unywele tu. Mimi natumia fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya) niliyonunua kwa fundi wa Vespa. Piga tupa mara mbili, rudisha uzi, tyuni, tazama, toa tena, ndio inachosha, nati moja inanimalizia asubuhi nzima. Ukikata ukazidisha jaza unga wa mfupa uleule na tone la supagluu, ukikauka kata upya, itafaa kwa muda lakini mimi huwa naanza kipande kingine.

Gundi ya kushikilia nati weka matone mawili tu, mana masika ikishapita kuna siku utataka kuigonga itoke uiteremshe kidogo.