Somo: Kuihamisha Famicom kutoka waya wa antena kwenda AV

Famicom ya kwanza, mashine ya michezo ya video ya Nintendo, ile nyeupe yenye wekundu iliyoanza kuuzwa Japani Julai 1983, hutoa picha kwa njia moja tu: waya wa antena. Tena inarusha kwenye chaneli 1 na 2 za Japani, megahezi 91.25 na 97.25. Huku kwetu masafa hayo ni ya redio za FM, kwa hiyo TV nyingi hazitaikamata kabisa, na zitakazoikamata zitakupa chenga.

Picha safi imo humo ndani. Chipu ya RP2C02 inaitengeneza ikiwa na rangi zake zote, kisha kisanduku cha bati kinaipandisha kwenye masafa ya antena na kuichafua. Tunaichukua kabla haijafika huko na kuitoa kwa AV, yaani picha na sauti kila moja kwa waya wake hadi kwenye TV.

Vifaa: hendeli ya kulehemu yenye ncha nyembamba, risasi ya kulehemu, mita, transista ya 2SA1015, rezista za omu 300 na 75, kapasita za mikrofaradi 220 na 10, moja ya seramiki ya mikrofaradi 0.1, waya wenye ngao, na soketi mbili za RCA.

1. Kwanza umeme. Adapta yake ya Kijapani ni ya volti 100; ukiichomeka kwenye 230 umeiua. Tafuta ya volti 9 DC, angalau miliampea 850, na uhakikishe hasi iko katikati ya plagi. Adapta nyingi za madukani zina chanya katikati, kwa hiyo pima kwa mita, usiamini maandishi.

2. Fungua skrubu za chini, toa bodi. Ile bodi ndogo yenye kisanduku cha bati usiitupe, maana rigyuleta ya 7805 inayotoa volti 5 imekaa hapo hapo.

3. Tafuta chipu iliyoandikwa RP2C02. Kichwa chenye pengo dogo kikiwa juu, mguu wa 1 uko kushoto juu. Shuka hadi wa 20, vuka upande wa pili: huo ni wa 21, ndio wa picha. Ukate karibu kabisa na bodi, uunyanyue taratibu. Watu wengi huruka hatua hii na kuunga waya juu ya mguu bila kuukata. Picha inakuja, lakini ina mistari ya wima iliyofifia, inayoonekana zaidi kwenye anga la bluu. Njia ya picha kwenye bodi inapita jirani na nyaya za data na kuokota kelele zake. Kata.

4. Mguu wa 21 uende kwenye besi ya transista. Kolekta iende graundi. Emita ipande volti 5 kupitia omu 300. Kutoka emita hiyo hiyo, pitia omu 75, kisha kapasita ya 220 (chanya ielekee transista), hadi soketi ya njano. Ukishika 2SA1015 uso bapa ukikutazama, kushoto ni emita, katikati kolekta, kulia besi. 2N3906 pia inafaa, ila besi yake iko katikati.

5. Lehemu kapasita ya seramiki kati ya mguu wa 20 na wa 40 wa chipu hiyo. Inatuliza umeme wake na kupunguza mistari iliyobaki.

6. Sauti ichukue kwenye mguu wa 46 wa sloti ya kaseti, kupitia kapasita ya 10, chanya upande wa mashine, hadi soketi ya pili. Baadhi ya kaseti za Kijapani zina chipu yao ya muziki, na hapo ndipo sauti zote huwa zimeshachanganyika.

Kabla ya kufunga, pima kati ya volti 5 na graundi usikute shoti.

MASWALI

Fundi, picha imetoka safi lakini haina rangi. TV ni ya kichogo.
– Mashine inatoa rangi kwa mfumo wa NTSC, TV yako inasubiri mfumo wa PAL. Ingia kwenye menyu, sehemu ya mfumo wa rangi, weka NTSC 3.58 au Auto. Kama haina chaguo hilo, jaribu TV nyingine. Kazi yako haina kosa.

Kaka, mimi ninayo ya Kichina, ndani hakuna chipu ya miguu 40, kuna doa jeusi tu.
– Hapo hakuna mguu wa kukata. Fuata waya zinazoingia kwenye kisanduku cha antena: mmoja ni volti 5, mmoja sauti, mmoja picha. Huo wa picha ndio wako. Ila angalia ubavuni kwanza, nyingi zina soketi za AV tayari.

Nikiweka kigeuzi cha HDMI cha bei rahisi?
– Utaona picha, lakini vingi hudhani ni picha ya mistari inayopishana, basi vitu vinavyokimbia vinavurugika na kitufe kinachelewa. TV ya kichogo inaitendea haki zaidi.

Na RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa waya wake, inawezekana?
– Kwa chipu hii hapana, rangi huchanganywa humo humo ndani. Itabidi uing'oe na kuweka bodi ya NESRGB, ambayo ni kazi ya miguu 40 yote na gharama yake.