Taa ya Injini Imewaka? Pima Kwanza, Kipuri Kitafuata

Gari likifika kwangu taa ya injini ikiwa imewaka, mara nyingi huja pamoja na vipuri vipya ambavyo havikusaidia. Mwenye gari alisomewa kodi, yaani namba ya kosa iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari, kodi ikataja sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, sensa ikanunuliwa na kufungwa, taa ikafutwa, na baada ya siku tatu ikarudi. Jambo hili huniuma, kwa sababu kodi haikusema kwamba sensa imekufa. Ilisema kompyuta imeona kipimo ambacho hakikai sawa. Kutoka kwenye kipimo hicho hadi kwenye kipuri kuna kazi ya kupima, na sehemu kubwa ya kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa na skana ndogo ya kusomea kodi, multimita ya kupimia umeme na subira.

Maelezo haya ni ya magari ya petroli yenye OBD-II, mfumo wa gari kujipima makosa lenyewe, yaani yale yenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, karibu na usukani. Marekani ililazimisha mfumo huo kwa magari ya kuanzia modeli ya 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001.

Hatua ya 1: Itazame taa yenyewe

Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa lazima iwake hapo, kisha izime injini ikishashika. Isipowaka kabisa, balbu imeungua au kuna mtu ameikata ili kuficha ugonjwa. Anayekagua gari la mkononi asiache kuangalia jambo hili.

Kama taa imetulia na gari linakwenda vizuri, unaweza kuendesha kwa upole hadi mahali pa kupimia. Ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, huo ni wito wa dharura. Silinda moja au zaidi inamisi vibaya, yaani inashindwa kuchoma petroli yake, petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuwakia ndani ya masega, kile kisafisha moshi kilichomo humo, na masega yanaweza kuyeyuka. Legeza mguu kwenye mafuta, egesha mahali salama, zima injini. Taa nyekundu ya oili au ya joto ni habari nyingine kabisa: hizo zikiwaka, unasimama na kuzima injini papo hapo.

Hatua ya 2: Macho na masikio kabla ya skana

Kaza mfuniko wa tenki na uangalie kama mpira wake umepasuka. Fungua boneti, fuata hosi zote za hewa kwa vidole, hasa upande wa chini usioonekana. Angalia kama kuna soketi iliyochomoka au waya ulioliwa na panya. Sikiliza mluzi wa hewa.

Kisha pima betri. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6. Injini ikinguruma, magari mengi huonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Umeme ukiwa hafifu, kompyuta huanza kulalamikia sensa zisizo na kosa lolote, na utazifukuza siku nzima.

Hatua ya 3: Soma kodi, usiifute

Vidole vya wengi huharakia kitufe cha kufuta. Ukifuta sasa umetupa ushahidi. Kompyuta inapohifadhi kodi, huhifadhi pia hali ya injini wakati ule: mwendo, mizunguko, joto la maji, mzigo. Skana nyingi huita ukurasa huo «freeze frame». Piga picha ya kila kitu. Kama kosa lilitokea injini ikiwa baridi, hakuna maana ya kulitafuta baada ya kuzunguka mjini saa nzima.

Kodi ina mpangilio wake. P ni injini na gia. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, maana yake ni ileile kwa watengenezaji wote. Ikiwa 1, mara nyingi ni ya mtengenezaji huyo peke yake. Tarakimu inayofuata hutaja eneo: 1 na 2 ni mafuta na hewa, 3 ni moto wa plagi na kumisi, 4 ni mifumo ya kudhibiti moshi. Zikiwepo kodi nyingi, anza na ile inayoweza kuzaa nyingine. P0301 (silinda ya kwanza inamisi) na P0420 (masega hayasafishi moshi vya kutosha) zikija pamoja, shughulikia P0301 kwanza, kwa sababu kumisi huharibu masega.

Hatua ya 4: Pima kile kodi ilichotaja

*Kumisi (P0300 hadi P0312).* Tarakimu mbili za mwisho ni namba ya silinda. 00 ni kumisi kusikochagua. Kwa P0301, zima injini, hamisha koili (inayozalisha umeme wa plagi) ya silinda ya kwanza uipeleke ya pili, na ya pili uilete ya kwanza. Futa kodi, endesha. Ikirudi kama P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, hamisha plagi kwa njia hiyohiyo, na unapoitoa isome: kahawia hafifu ni afya, masizi meusi makavu ni petroli kupita kiasi, oili mara nyingi ni tatizo la sili au ringi za pistoni. Plagi ikiwa nzima pia, zinabaki nozeli ya kunyunyizia petroli, waya zake na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Umegundua haya yote bila kununua hata skrubu.

*Mchanganyiko mwepesi (P0171, na P0174 kwa injini za V).* Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo sensa nyingi za oksijeni hubadilishwa bure. Kodi inasema hewa ni nyingi kuliko petroli. Sensa imetoa taarifa sahihi, na wewe unataka kumfukuza mtoa taarifa.

Pasha injini moto hadi ifike joto lake la kazi, kisha fungua ukurasa wa vipimo hai na utafute STFT na LTFT. Hizi ni asilimia za petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kusawazisha mchanganyiko. Ya kwanza ni ya papo hapo, ya pili ni ya muda mrefu. Zijumlishe. Jumla ikicheza ndani ya 10 juu au chini ya sifuri, kwa kawaida hakuna shida. Ikifika +20, kompyuta inahangaika.

Sasa linganisha hali mbili. Soma jumla injini ikinguruma bila kukanyagwa, halafu shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika na usome tena. Kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa inayoingia, ile ya MAF, jumla ikiwa kubwa bila kukanyaga kisha ikashuka ukikanyaga, hewa inaingia kwa njia ya wizi baada ya sensa hiyo. Tundu lilelile ni jambo kubwa injini inapovuta hewa kidogo, na linamezwa inapovuta nyingi. Jumla ikipanda kadiri unavyokanyaga, petroli haitoshi: pampu imechoka, filta imeziba, au MAF ni chafu na inaripoti hewa pungufu.

Niliwahi kupokea gari lililokwisha kubadilishiwa sensa zote mbili za oksijeni. Jumla ilikuwa +22 bila kukanyaga na +4 kwenye 2,500. Nikaacha sensa, nikaenda kwenye hosi. Ile ya kupitisha mvuke wa oili nyuma ya menifodi, bomba linalogawia silinda hewa, ilikuwa imelainika na kupasuka upande wa chini. Juu ilionekana mpya.

Kutafuta ufa kama huo, mafundi wengine hupuliza dawa ya kusafishia kabureta. Inashika moto kirahisi, na unafanya kazi juu ya ekzosi ya moto, mimi siipendi. Tumia chupa ya kunyunyizia maji, kidogo kidogo, mbali na koili na soketi. Mngurumo ukibadilika maji yanapogusa sehemu fulani, umefika. MAF isafishwe kwa dawa yake maalumu tu, bila kugusa kiwaya cha ndani.

*P0420.* Kompyuta inadai masega hayasafishi moshi vya kutosha. Kabla ya kuamini, hakikisha hakuna kumisi na ekzosi haivuji karibu na sensa. Kisha tazama sensa iliyo nyuma ya masega, injini ikiwa moto na mizunguko imetulia. Masega yakiwa mazima, volti yake hutulia, mara nyingi kwenye 0.6 au 0.7. Ikirukaruka kati ya 0.1 na 0.9 bila kukoma, masega yamechoka kweli.

*P0128* (injini haifiki joto lake la kazi) kwa kawaida ni thamostati, vali ya kudhibiti joto la maji, iliyokwama wazi au maji pungufu kwenye rejeta. Angalia maji injini ikiwa imepoa kabisa. *P0455* ni mvuke wa petroli unaovuja kwa wingi, na mfuniko wa tenki ndio wa kwanza kuhojiwa.

Hatua ya 5: Thibitisha ukarabati

Sasa futa kodi. Kufuta pia huyarudisha mwanzo majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe, kwa hiyo taa iliyozimika leo haijathibitisha kitu. Endesha ukichanganya safari: kuwasha injini ikiwa baridi, kusimama na kwenda, na mwendo wa kasi isiyobadilika kwa muda. Kisha fungua ukurasa wa utayari kwenye skana. Majaribio yote yakiandikwa kuwa yamekamilika, na ukurasa wa kodi zinazosubiri (zilizoonekana lakini bado hazijawasha taa) ukiwa mtupu, kazi imeshika.

Hata usipofuta, taa hujizima baada ya safari tatu mfululizo ambazo jaribio limepita bila kosa. Kodi hubaki kwenye kumbukumbu hadi injini ipashe moto na kupoa takriban mara 40. Mimi huwa nayaangalia tena yale maandishi niliyopiga picha mwanzoni, kisha naliendesha gari kwenye mwendo na joto lilelile lililoandikwa pale, skana ikiwa imechomekwa. Jumla ya STFT na LTFT ikibaki karibu na sifuri hapo, ndipo namrudishia mwenyewe ufunguo.